Samaki Juu ya Mlango

Siku hizi Claudine akipita Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, na kamera yake shingoni, watu wanamwita kwa mbali kumwonyesha ua limechanua wapi. Anapita kwa raha zake, anasalimia huku na huku. Lakini kuna Jumamosi moja ya mvua alipita mtaa huo huo miguu ikimgomea, na jinsi mambo yalivyokuwa yamekaa siku hiyo, hata kuyasimulia tu kunamfanya mtu ashushe pumzi kwamba yalipita.

Wiki nzima Claudine ni karani wa mambo ya forodha. Kazi yake ni malori: lori lipi limebeba nini, limekwama wapi kwenye njia ya mpakani Kasumbalesa, karatasi ipi haijagongwa mhuri. Ikifika Ijumaa jioni kichwa chake kimejaa moshi wa dizeli. Basi Jumamosi, akishamaliza kufua, anachukua kamera yake aliyoinunua mkononi mwa mtu, anavaa viatu vya kuchafuka, na anatoka kutafuta maua, vipepeo na nyumba za watu.

Nyumba za watu, si majengo makubwa ya mjini. Hayo alishayaacha. Ukinyanyua kamera tu mbele yake anatokea bwana mwenye miwani ya jua kukuuliza kibali, na maelezo hayaishi. Mitaani hakuna shida hiyo. Mitaani kuna madirisha yenye vyuma vilivyopindwa mapambo, nguzo za baraza zilizopakwa rangi mbili, mwaka wa kujengwa ulioandikwa kwa vidole saruji ikiwa mbichi. Claudine anavipenda vitu hivyo kuliko anavyoweza kueleza.

Mumewe, Dominique, mwalimu wa hesabu, ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. "Kipepeo moja, photo makumi mbili!" husema akichungulia kamera. "Ule kipepeo iko natafuta passeport?"

Majirani nao hawakumwelewa. Mjini hapa mwenye kamera kubwa ni mpiga picha wa harusi, au mwandishi wa habari, au mtu mwenye kitu cha kuuza. Claudine hakuwa hata mmoja wao. Watu hakuwapiga picha kabisa, alisema wakiona kamera wanakakamaa. Binamu yake alimwomba apige picha za ndoa yake, akakataa, na binamu akanuna mpaka Krismasi. Wakimuuliza basi anapiga kwa ajili gani, alijibu, "Juu inanifurahisha." Jibu hilo halikumtosheleza mtu.

Na kweli ilikuwa inamfurahisha. Kipepeo akitua, Claudine husahau hata jina lake. Hupiga magoti kwenye udongo mwekundu, huzuia pumzi, husogea kidogo kidogo kama mtu anayemwendea kuku wa sikukuu. Kile kidude kikifungua mabawa na rangi ya ndani ikaonekana, buluu ambayo nje huwezi kuidhania, anasikia kifua kinalegea, kifua kilichobanwa tangu Jumatatu. Anarudi nyumbani magoti yamejaa tope na uso umekunjuka. Dominique, pamoja na mdomo wake wote, aliliona hilo, na Jumamosi jioni alikuwa akisonga bukari, ugali wa huku, mwenyewe.

Nyumba yenye samaki aliikuta mwanzoni mwa Novemba, katika njia nyembamba ya Hewa Bora. Ilikuwa nyumba ya manjano iliyopauka, yenye baraza fupi na bogenvilia iliyopanda mpaka kwenye mabati. Juu ya mlango palikuwa na samaki wa saruji, mnene, magamba yamechorwa moja moja kwa ncha ya kijiko, mkia umeinuka kana kwamba anaondoka. Claudine alisimama njiani akacheka peke yake kwa furaha.

Alipiga hodi getini. Akatoka mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kandambili miguuni, mswaki bado mkononi.

"Jambo, papa," Claudine alisema. "Naomba nipigeko photo ya ule samaki."

"Samaki? Samaki tu?"

"Na maua. Na kama kipepeo inatua, na yeye."

Mtu yule alicheka, lakini kicheko cha kukaribisha. "Ingia, mama. Ule samaki, papa njo alimutengeneza, mwaka miye nilizaliwa. Samaki ya Kasenga njo ilijenga hii nyumba."

Alikuwa Michée, kitinda mimba wa nyumba hiyo, aliyebaki akiishi na mama yake mjane. Marehemu baba yake, huyo papa, alikuwa akileta samaki kutoka Kasenga, na kila safari iliongeza matofali. Michée alimzungusha Claudine nyumba nzima kwa nje. Alimwonyesha pembe ya ukuta walipojificha vipepeo asubuhi, ufa ambamo bogenvilia ilipenya, mahali mkia wa samaki ulipovunjika na baba yake akauunda upya. Claudine alirudi nyuma, akasogea mbele, akainamisha kichwa, akachuchumaa karibu na msingi, akafumba jicho moja. Tawi lilipomziba samaki, Michée alilishika akalivuta pembeni, miiba na yote.

"Usimuguse, mama," alisema, nusu mzaha. "Ule njo papa."

Claudine aliahidi kumletea picha moja iliyosafishwa, akaondoka moyo umejaa. Wiki tatu baadaye, kati ya mvua na mvua, alirudi na picha hiyo ndani ya bahasha, akijisemea jinsi Michée atakavyofurahi. Alipokata kona akasimama.

Ukutani, kutoka dirisha hadi dirisha, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika kabla ya kukauka, palikuwa pameandikwa: MAISON À NE PAS VENDRE.

Kila mtu wa Lubumbashi anayajua maneno hayo. Nyumba hii haiuzwi. Hayaandikwi kwa ajili ya mapambo. Yanaandikwa familia inapohisi kuna mtu anataka kuuza nyumba kwa siri, mara nyingi mtoto wa nyumba hiyo hiyo, ili mnunuzi akija asome mwenyewe kwamba anajinunulia kesi. Ukiyaona ukutani, unajua nyuma ya ukuta huo ndugu hawasemeshani.

Ng'ambo ya njia alikaa Mado, mama wa mandazi, chini ya mwavuli wake. Alimtazama Claudine, akautazama mfuko wa kamera, akamtazama Claudine tena.

"Weye njo ule mama wa appareil," alisema, yaani ndiye yule wa kamera.

"Njo miye. Kulifanyika nini hapa?"

"Unaniuliza miye? Mama Nkandu, mama yake Michée, alikuona ku dirisha. Michée iko nakuonyesha mapembe ya nyumba, weye uko napima na ile mashini yako. Mutaa yote inajua weye ni komisionere."

Komisionere ni dalali wa nyumba. Huja anatabasamu, hupiga picha kuta na mabati, na baada ya muda nyumba ina mwenyewe mwingine.

"Na Michée?"

"Mama alimufukuza. Mwaka jana, kazi ilimuisha, akasema mara moja tu, tuuzishe nusu ya parcelle, ya kiwanja hii. Mama hakusahau. Sasa Michée akamwambia: mama, ule alikuya kupiga photo ya vipepeo. Mama akajibu, hata kudanganya haujui!" Mado aligeuza andazi kwenye mafuta. "Iko kwa rafiki yake ku Katuba. Leo bandugu ya baba yake balikuya, beko mule ndani. Banataka kusema Michée hapana tena mutoto wa hii nyumba. Bakisha kusema vile, imekwisha."

Claudine alisimama pale mandazi yakichemka. Alifikiria mambo mawili kwa mpigo. Kwamba akigeuka sasa hivi, hakuna atakayemfuata. Na kwamba akigeuka sasa hivi, mtu aliyemshikia tawi la miiba atakosa mama na kwao, kwa sababu ya starehe yake yeye ya Jumamosi. Alijionea aibu hata kwa kufikiria la kwanza. Alimpigia simu Dominique: "Kuya ku Hewa Bora, karibu na soko, nyumba ya maandiko nyekundu. Usiniulize." Kisha akavuka njia, akapiga hodi.

Barazani palikuwa na viti vya plastiki, na shangazi kadhaa, na mzee Chilufya, mdogo wa marehemu, aliyetoka Lukafu na matope ya shambani bado kwenye buti. Katikati alikaa Mama Nkandu, mwanamke mdogo wa umbo, kitenge kichwani, uso mgumu. Alimtambua Claudine kabla hajafika.

"Unakuya kuangaria kama rangi ilishakauka?" alisema.

Claudine alikunja magoti, akapiga makofi taratibu kama watu wa nyumba ile wanavyosalimia wakubwa. "Jambo yenu, bamama. Jambo, baba. Mama, miye hapana komisionere. Nilikuya kupiga photo ya samaki na vipepeo."

Mzee Chilufya alijipiga paja. "Vipepeo! Na yeye vipepeo! Unaona, shemeji? Balipatana bya kusema."

Shangazi wakaguna. Ukweli wenyewe ulikuwa umegeuka ushahidi. Claudine alipoulizwa anafanya kazi gani, akasema forodha, mambo yakaharibika zaidi: mtu wa forodha anajuana na matajiri wa madini, na matajiri wa madini wanatafuta nyumba. Kila alilojibu lilizidi kumzamisha. Alijua akiondoka hapo bila kusadikiwa, Michée ndiye atakayelipa.

Basi akaacha kueleza. Aliivua kamera shingoni, akaiwasha, akaishika kwa mikono miwili mbele ya Mama Nkandu. "Mama, angaria weye mwenyewe. Sikufuta hata photo moja. Byote biko humu."

Mama Nkandu hakunyoosha mkono. Mzee Chilufya ndiye aliyeichukua, akavaa miwani yake, akaonyeshwa kitufe cha kubonyeza. Akaanza kusoma kwa sauti kama mtu anayeita majina darasani.

"Kipepeo. Kipepeo. Kipepeo, tena ule ule. Kipepeo ule ule, kichwa chini. Maua. Samaki. Samaki, mukia tu. Samaki, jicho tu." Alimwangalia Claudine juu ya miwani, akarudi kwenye kamera. "Kipepeo. Kipepeo."

"Na nyumba?" Mama Nkandu aliuliza.

"Haiko."

"Mabati?"

"Haiko."

"Kisima? Cuisine? Vyumba?"

"Haiko, shemeji. Hata mulango alikata nusu." Sasa mzee alikuwa amekasirika upande mwingine kabisa. "Ule mama hajue kupiga photo! Nyumba yote kubwa hii, na hakuna hata photo moja inaonyesha nyumba!"

Shangazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwingine akasogeza kiti aone. Komisionere gani huyu, aliuliza, atamwonyesha mnunuzi jicho la samaki? Hapo ndipo Dominique alipoingia mbio, amelowa chapachapa, akidhani mkewe amegongwa na gari. Hawakumpa hata nafasi ya kusalimia vizuri.

"Weye bwana," mzee Chilufya alisema, "bibi yako anafanyaka nini na hii mashini?"

Dominique alimtazama mkewe, akamwona mzima, akaitazama kamera, na uchovu wa miaka ukamtoka wote. "Baba, na miye najiulizaka. Siku tulikuwa tunakumbuka ndoa yetu, aliniacha na kuku mu sahani, akafwata kipepeo mpaka ku parcelle ya jirani. Kuku ilipoa. Miye njo nilikula sahani yote mbili."

Baraza zima likaangua kicheko. Claudine alimshukuru Mungu kwa mdomo wa mume wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mambo aliyochekwa nayo miaka yote, vipepeo makumi na makumi wasio na faida yoyote, ndiyo yaliyokuwa yakimwokoa, na hakuna aliyeweza kuyaghushi.

Mama Nkandu peke yake hakucheka. Alikuwa amechukua kamera mikononi mwa shemeji yake, ameisogeza karibu na macho. Alikuwa amefika kwenye picha iliyoharibika, ambayo Claudine alisahau kuifuta. Samaki alikuwa pembeni, hajakaa sawa. Katikati palikuwa na tawi lililovutwa, na mkono ulioshika tawi, na kwenye kidole gumba kovu refu.

"Hii mukono ya Michée," Mama Nkandu alisema. "Bati njo lilimukata, siku tulikuwa tunafunika nyumba mara ya pili. Alikuwa mutoto."

"Njo yeye, mama. Alikuwa anaondosha miiba mbele ya samaki. Akaniambia nisimuguse. Akasema, ule njo papa."

"Alisema vile?"

"Alisema vile."

Mama Nkandu aliiweka kamera mapajani, akashusha kitenge mpaka machoni, akalia. Alilia kwa aibu na kwa faraja pamoja, na hakujificha. Wiki tatu alikuwa akilala na funguo chini ya mto, nyumba yote ikiwa salama, asubuhi hakuna wa kumuuliza ameamkaje. "Nilimuita mwizi," alisema. "Mutoto yangu. Nilimuita mwizi hapa mbele ya njia, Mado anasikia."

Mzee Chilufya, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa tayari kumfuta Michée katika ukoo, ndiye aliyempigia simu, tena kwa kelele. Michée aligoma. Alisema mama yake hamwamini, basi, abaki na nyumba yake. Simu ikapewa Mama Nkandu. Aliishika kwa mikono miwili, mvua ikipiga mabati.

"Kuya kula," alisema, akakata.

Shangazi waliingia jikoni. Claudine na Dominique waliaga, wakakatazwa, wakaketishwa. Claudine hakuweza kutulia, kila pikipiki iliyopita njiani ilimshtua. Samaki walikuwa wamekwisha kukaangwa na bukari inafunikwa, ndipo geti likalia. Michée aliingia, akasimama kwenye maji ya mvua, hakusogea zaidi.

Katika nyumba ile, kama nyumba nyingi za huku, maji ya kunawa mdogo ndiye anayemmwagia mkubwa. Hakuna anayefundishwa, unakua ukiona hivyo. Mama Nkandu alichukua beseni na kopo mwenyewe, akatoka nayo barazani, akasimama mbele ya mwanawe.

"Hapana, mama," Michée alisema akirudi nyuma. "Hapana, hapana."

"Leta mikono."

Alitazama huku na huku atafute wa kumwokoa. Hakuna aliyesogea. Akaleta mikono. Mama yake akamwagia maji polepole juu ya lile kovu, na Michée akawa analia bila sauti huku ananawa. Claudine alitoa pumzi ambayo, aliona, alikuwa ameizuia tangu kwa Mado. Hakuwahi kusikia nafuu ya namna hiyo maishani mwake.

Walikula. Bahasha ilifunguliwa, na samaki wa saruji akapita mkono kwa mkono, akaegeshwa kwenye kabati ya sebuleni. Mzee Chilufya alisema kesho atatafuta chokaa afute yale maandiko. Mama Nkandu akakataa.

"Acha vile. Hapana kweli? Hii nyumba haiuzishwe."

Mvua ilikuwa imekatika, mwanga umerudi kidogo. Michée ndiye aliyeomba picha ya wote, na Claudine, ambaye hapigi picha za watu, akakubali. Walijipanga mbele ya ukuta. Safari hii alitaka kila kitu kiingie: mabati, samaki, bogenvilia, maandiko mekundu, Mama Nkandu aliyemshika mwanawe mkono wenye kovu. Alirudi nyuma, akarudi nyuma tena, akavuka njia mpaka akagusa meza ya mandazi, akainama, akafumba jicho moja.

"Mumuangarie!" Mama Nkandu alipaza sauti. "Sasa njo anafanana na komisionere!"

Wote wakapasuka kwa kicheko, Michée zaidi ya wote, na hakuna hata mmoja aliyekakamaa. Claudine akabonyeza.

Walirudi kwa miguu, Dominique amebeba kamera ndani ya shati isilowe na matone ya miti. Njiani aliiwasha, akatafuta, akatafuta tena.

"Kipepeo moja, photo makumi mbili," alisema. "Bantu yote ile, photo moja tu?"

"Kipepeo inakimbiaka, Do," Claudine alisema. "Michée alisharudia kwao."

Dominique aliizima kamera, akairudisha ndani ya shati. Wakaendelea kutembea.